Wapenzi wenye makosa: kwa nini hatuwezi kufunga kitabu

KAILO. Kitabu cha mapendo kinafikaka Kailo sawa vile chumvi inafikaka: juu ya pikipiki kutoka Kindu, ndani ya sashe moja na betri za tochi, sabuni na dawa ya malaria. Mara nyingi hakina tena jalada. Kurasa za kwanza zimekwenda, na jina la mwandishi limekwenda nazo. Mwenye kukileta anasema tu: «Hiki kiko na mapendo.» Inatosha. Jioni, kisha mchele na sombe, watu wanaanza kusogeza viti.

Kwetu miye njo mwenye kusomaka. Kitabu kiko mu Kifaransa, na wengi wenye kukaa pale hawakumaliza masomo. Basi nasoma mstari kimoyomoyo, kisha naugeuza Kiswahili kwa sauti. Wako wachimbaji wenye udongo mwekundu bado juu ya miguu. Wako bamama wenye kusafisha kasiterite mtoni mchana kutwa, mikono imekunjamana juu ya maji. Iko pia muzee mmoja anayesema kila siku kama hizi ni hadithi za watoto, lakini kiti chake kinakuwa cha kwanza.

Kwa miaka mingi nimeangalia kitu kimoja. Kama hadithi ni ya kijana mzuri anayependa binti mzuri, wazazi wanakubali, mali inatolewa, ndoa inafungwa, watu wanaanza kupiga miayo. Ukurasa wa kumi na tano, nusu wamekwenda kulala. Lakini kama ni bwana mwenye bibi nyumbani na biro ya pili mjini, ama binti anayetoroka siku moja mbele ya ndoa yake, ama muuguzi anayeiba dawa ili aponyeshe mwanaume ambaye hata hampendi, hapo hakuna mtu anayesimama. Tochi ya telefone inakufa, mwingine anawasha yake. «Endelea, mwalimu. Usituache hapo.»

Kwa nini? Tumefundishwa tangu utoto kama mtu mubaya ni wa kukimbia. Mbona ndani ya kitabu tunamkimbilia?

Usiku baba alitoka inje

Nianze na nyumba yetu, maana kule njo nilijifunza.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Kampani ambamo baba alitumika ilikuwa imefunga kazi, na yeye, sawa wanaume wengine, alishika baramina na kwenda kuchimba kwa mkono. Alikuwa anarudi kisha miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Makuta ilikuwa inarudi kidogo kuliko yeye alivyosema. Kila mtu katika mtaa alijua sababu: kule shantie kulikuwa mama mwingine, mwenye kumpikia. Mama yangu alijua pia. Hakusema kitu.

Mama alikuwa amefika mwaka wa nne wa sekondari, na alikuwa na vitabu vitatu tu ndani ya nyumba: Biblia, kitabu cha nyimbo, na kitabu kimoja cha mapendo alichokificha ndani ya mfuko wa unga wa mihogo. Safari moja baba aliporudi, mama alikitoa kile kitabu, akasema: «Baba ya watoto, unachoka. Kaa, nikusomee kitu.»

Ilikuwa hadithi ya bwana mmoja mwenye nyumba mbili. Alikuwa anasema uongo kwa bibi wa kwanza juu ya kazi, na kwa bibi wa pili juu ya ndoa. Alikuwa anaficha makuta ndani ya kopo ya maziwa. Usiku wa kwanza baba alicheka sana. Usiku wa pili alikasirika: «Lakini huyu mwanaume, anafikiri bibi yake ni kipofu?» Mama alifunga kitabu polepole. «Miye sijui. Tutaona kesho, mafuta ya taa imekwisha.»

Usiku wa tatu, mama alipofika fasi ambapo yule bibi anafungua kopo na kukuta tupu, baba alisimama akatoka inje. Alikaa kule gizani muda mrefu. Sisi watoto tulifikiri ameenda kukojoa.

Sitawadanganya kama toka siku ile alikuwa malaika. Yule mama wa shantie hakuachwa siku ile, ulipita mwaka. Lakini kesho yake asubuhi alihesabu makuta mbele ya mama, noti kwa noti, na hakudanganya tena hesabu mpaka kifo chake. Mama hakumtukana. Hakuita wajomba. Alisoma tu, na yule bwana wa ndani ya kitabu akasema yale yote yeye mwenyewe hakuweza kusema.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kama mbinu hii ni ya kale. Mfalme Daudi alipomchukua bibi ya Uria na kupanga Uria afe vitani, nabii Natani hakuingia akipiga kelele. Alimletea hadithi: tajiri mwenye kondoo wengi ambaye alinyang'anya maskini kondoo wake mmoja tu. Daudi akawaka hasira juu ya yule tajiri. Hapo njo Natani alimwonyesha kama ni yeye. Hadithi ilikuwa imekwisha kuingia, mlango ulikuwa umechelewa kufungwa.

Na ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi huku Maniema toka wakati wa Nyangwe na Kasongo, wanajua sura ya Yusufu: bibi ya mkubwa wa Misri aliyemtamani kijana mtumishi, mlango uliofungwa, kanzu iliyopasuka kwa nyuma. Wanawake wa mji waliomcheka, yeye aliwaalika, akawapa visu. Walipomwona Yusufu wakajikata mikono. Hapo hawakumcheka tena. Vitabu vitakatifu havikuogopa kusimulia mapendo yenye makosa. Sisi njo tunaogopa.

Toka Abidjan mpaka Unguja

Vitabu vinavyotufikia vinatoka mbali. Kampani yenye jina kubwa duniani kwa hadithi za mapendo, Harlequin, ilianzishwa mwaka 1949 katika mji wa Winnipeg, Canada. Ufaransa, gazeti la Nous Deux lilianza 1947, na hadithi zake za picha, watu wenye kuongea ndani ya viduara, zilisambaa mpaka Afrika. Wazee wetu waliozisoma walikuwa wanajua majina ya wapenzi wa Italia kabla ya kujua barabara ya kwenda Kisangani.

Kisha Waafrika wenyewe wakachoka kulia juu ya wapenzi wenye nywele za njano. Mwaka 1998, kule Abidjan, nyumba ya vitabu Nouvelles Éditions Ivoiriennes ilianzisha mfululizo unaoitwa Adoras. Vitabu vidogo, vya bei ya chini, wapenzi weusi, miji yetu, chakula chetu, shangazi wetu wenye kuingia katika kila kitu. Ndani ya Adoras mwisho unakuwa mzuri, hiyo ni sheria ya kazi ile. Lakini kabla ya kufika mwisho, mtu anasema uongo, anavunja neno, anakosea.

Hapa Congo tulikuwa naye Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa 1933 na kufa mwaka 2000. Wengi waliopita masomo miaka ya 70 na 80 wamemsoma. Vitabu vyake vilikuwa vyepesi, vya kuingia mfukoni, na watu wake hawakuwa watakatifu: walikuwa wajomba, wachawi wa kusingiziwa, vijana waliorudi kutoka Ulaya na kiburi, mabibi wenye kuteswa na ukoo.

Na tulikuwa na mtoto wa mji wa machimbo kama sisi: V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa 1941 Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, na aliyekufa 2025. Wengi wanamjua kama profesa mkubwa. Lakini mwaka 1976 alitoa Le Bel Immonde, hadithi ya waziri na mwanamke wa bari, Kinshasa, wakati wa uasi wa miaka ya 60. Waziri ana bibi na watoto. Mwanamke anatoka kwa watu wa upande wa waasi, na waasi wanamtaka ampeleleze yule waziri. Kila mmoja anamdanganya mwingine, na pamoja na hayo kuna kitu kati yao ambacho si uongo. Niliposoma kurasa zake Kailo, watu walibishana mpaka jogoo. Hakuna mtu aliyesema kama wale wawili ni wazuri. Walibishana kama walikuwa wanapendana.

Upande wa Kiswahili, Zanzibar imetupa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaolewa bado mdogo na bwana Raza, mfanyabiashara wa umri wa kumzaa. Anamwacha. Jamaa yake wanamkataa. Anakimbilia kwa jirani yake Mwajuma, mwanamke wa nyimbo na furaha, na huko anampenda Denge, kijana anayepigana kwa siri na serikali ya Waingereza. Kwa sheria ya nyumbani kwao, Yasmin amevunja kila kitu: ndoa, kabila, dini, jina la wazazi. Msomaji anajua yote hayo na bado anamwombea afike. Mwaka 2021 Amil Shivji wa Tanzania aliifanya filamu, na ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto.

Tulimwimba kabla ya kumsoma

Kama mtu anasema mambo haya ni ya Wazungu, mkumbushe Mario. Mwaka 1985 Franco na TPOK Jazz walitoa ule wimbo, na hakuna bari ya Kindu ambayo haikuupiga. Mario ni kijana aliyesoma, mwenye diplome, lakini anakaa kwa mwanamke mwenye umri na makuta, anakula, anavaa, kisha anamfanyia fujo. Mwanamke anachoka naye.

Inchi nzima ilicheza. Na jina likabaki: kijana anayelishwa na mwanamke anaitwa mario mpaka leo. Lilivuka hata ziwa: Tanzania wanasema marioo, na wengi wanaolisema hawajui kama lilitoka Kinshasa. Mtu mzuri wa ndani ya wimbo ni nani aliyeacha jina lake katika lugha mbili? Simkumbuki. Mario alibaki kwa sababu kila mtaa ulikuwa naye, na mbele ya Franco hatukuwa na neno la kumwita.

Hiyo njo kazi ya kwanza ya mpenzi mwenye makosa ndani ya hadithi: anatupa neno. Bibi aliyekuwa na uchungu bila jina, siku akimkuta mwenzake kitabuni, anaweza kusema: «Njo hivi.»

Sisi tunajua kuishi kando ya sheria

Ya pili ni ya kwetu wachimbaji zaidi kuliko wengine.

Sheria ya migodi ya 2002, na ile iliyoibadilisha mwaka 2018, inasema mchimbaji wa mkono awe na karte, na achimbe ndani ya eneo lililotengwa kwa kazi yake. Ni vizuri. Lakini nani kati yetu hajachimba fasi ambayo karatasi haikufika? Mfuko unasubiri étiquette, mtoto anasubiri kalamu. Hatujioni kama wezi. Tunajiona kama watu wenye njaa waliokuta sheria imekaa upande mwingine wa mto. Basi tukikutana na mtu kitabuni aliyevuka mstari, hatuanzi na fimbo. Tunauliza kwanza: alikuwa na njia gani nyingine?

Na sheria zenyewe zinahama. Code ya famille ya 1987 ilikuwa inataka bibi wa ndoa apate ruhusa ya bwana wake kwa vitendo vya kisheria. Mama mwenye kutia sahihi ya biashara peke yake alikuwa amevunja utaratibu. Mwaka 2016 sheria mpya ikaondoa ile ruhusa. Kile kilichokuwa kiburi cha mwanamke wa jana, leo ni haki yake. Nani alianza? Si wale waliokaa kimya. Walianza wale walioonekana wabaya.

Kwa hiyo msomaji anapompenda Yasmin aliyetoroka ndoa ya mzee, si kama anapenda vurugu. Anajua kama sheria nyingine zilitungwa bila kumuuliza anayezibeba. Dada zetu wangapi walitolewa masomoni kwa sababu mtu wa shimo alifika na makuta, baba akahesabu, mama akalia jikoni? Ndani ya kitabu, mmoja alisema hapana. Hata akikosea baadaye, hata akidanganya, tunataka kujua: ilikwishaje?

Je, vitabu vinaharibu watu?

Swali hili naulizwaka na wazazi, na si swali la upumbavu. Baba mmoja alinikataza kabisa kusoma mbele ya binti zake. Nilimheshimu, tukahama upande mwingine wa mtaa.

Mahakama imekwisha kuulizwa pia. Mwaka 1857, Paris, mwandishi Gustave Flaubert alishitakiwa juu ya Madame Bovary, kitabu cha bibi wa daktari mdogo wa kijijini aliyechoka na ndoa akatafuta wanaume wengine. Serikali ilisema kinachafua tabia. Mahakama ikamwachilia. Ajabu ni kama Emma Bovary mwenyewe aliharibikiwa nusu kwa kusoma hadithi za mapendo matamu, yenye watu wasio na kasoro, mwezi na farasi na machozi. Akaangalia bwana wake anayekoroma, akaona maisha yamemwibia.

Lakini usomaji peke yake haukumuua. Kilichomuua ni madeni. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anamkopesha nguo na mapazia, anamtia sahihi karatasi moja juu ya nyingine, mpaka siku ya kukamata nyumba. Hakuweza kumwambia bwana wake. Akala sumu. Nilipofika pale, mchimbaji mmoja aliweka kikombe chini. Anajua yeye: mnunuzi anayekupa mchele na buti mbele ya msimu, akiandika katika kaye yake, naye peke yake njo anaweza kusoma kaye ile. Kitabu cha Ufaransa cha zaidi ya miaka 160 kilimjua kuliko jirani.

Afrika yetu pia ilikamata kitabu. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Rosa ni binti wa baba mlevi na mkali. Siku anapopata barua ya kijana, baba anampiga bila huruma. Anakua akiogopa wanaume. Kisha, mbali na nyumbani, kule masomoni, ile hofu inageuka: anaenda na huyu na yule, anatoa mimba. Anapompata mmoja anayempenda kweli, mambo ya zamani yanavunja uchumba wao, na Rosa anajiua. Kwa muda kitabu kilikatazwa mashuleni Tanzania. Baadaye kikaingizwa katika vitabu vya kufundishwa. Wakubwa walikuwa wamefikiri kinafundisha wasichana kukosea. Ukikisoma vizuri, kinauliza baba: wewe ulifanya nini?

Hapo ninaona jibu. Kitabu chenye watu wasafiwasafi kinaweza kudanganya zaidi kuliko chenye wakosefu. Binti anayesoma kama mwanaume wa kweli hana deni, hana mama mkali, hana harufu ya jasho, ataingia ndoani akitafuta mtu ambaye hakuzaliwa. Lakini anayesoma juu ya mwanaume mwenye kupenda na kudanganya katika siku moja, huyo amepewa tochi.

Mahali pa kusimama

Sitaki kusema kila kosa ni tamu. Kuna vitabu, na vingine vimetufikia hapa, ambamo mwanaume anamshika mwanamke kwa nguvu, anakataa, analia, na kisha kurasa tatu anampenda. Pale nafunga kitabu na kusema kwa sauti kwa nini. Kuvunja sheria ya ukoo si sawa na kuvunja mtu. Yasmin alivunja ndoa ambayo hakuitaka, hakumvunja mtu. Katika majimbo yetu ya mashariki, ambako wanawake wamepitia yale waliyopitia, hakuna haki ya kuita nguvu mapendo, hata kwa mchezo. Na sheria iko wazi: ndoa ni kuanzia miaka 18. Mtu mzima anayemfuata mtoto wa miaka 14 si mpenzi mwenye kasoro. Ni mtu wa kupelekwa mbele ya sheria.

Basi tofauti iko wapi? Kwa miaka ya kusoma mbele ya watu, nimejifunza kuiona katika mambo matatu. Mpenzi mwenye makosa tunayempenda anajua kama amekosea, hata akikataa kukiri. Analipa, kosa lake halimwendei jirani peke yake. Na tunaona ndani ya kichwa chake, hatuonyeshwi matendo tu. Ukiondoa hayo matatu, anabaki mhuni, na wahuni tunao wa kutosha bila kununua kitabu.

Kuona ndani ya kichwa njo jambo kubwa. Katika kambi ya shantie, kila mtu anaonekana kwa inje. PDG wa shimo ni makuta. Mama wa kuuza chakula ni sufuria. Kijana wa baramina ni mikono. Tunahukumiana kwa yale tunayoyaona usiku yakiingia nyumba isiyo yao. Kitabu kinafungua ukuta kidogo. Bwana anayesema uongo, kumbe anaogopa kurudi nyumbani bila kitu, maana shimo lilijaa maji na miezi miwili imekwenda bure. Yule mwanamke wa pili, anayetukanwa mtaa mzima, kumbe aliambiwa kama bibi wa kwanza amekufa. Bibi wa nyumbani, anayesifiwa kwa uvumilivu, kumbe amekwisha kuacha kupenda zamani na anavumilia tu juu ya watoto. Hakuna anayeoshwa. Lakini hakuna anayebaki sura tupu.

Na nimeona faida moja ya nyumbani. Mtu hawezi kusema mbele ya majirani: «Bwana yangu ananifanyia hivi.» Ni haya. Lakini anaweza kusema: «Miye ningekuwa huyu bibi, ningeenda kumwona yule mwanamke, tuongee sisi wawili.» Kila mtu anasikia. Na bwana yake, anayekaa kiti cha tatu, anasikia kuliko wote. Wanaume vilevile. Mwanaume wa kwetu hasemi kama anaogopa kuachwa. Anasema: «Huyu bwana wa kitabu ni mujinga, angemwandikia barua.»

Kurasa zilizokosekana

Kitabu tulichokimaliza juma lililopita hakikuwa na mwisho. Ni muuguzi niliyemtaja juu, yule mwenye kuiba dawa. Bibi ya daktari amegundua. Daktari yuko mlangoni, mvua inanyesha, muuguzi amefunga mizigo yake, na ukurasa 148 unakwisha katikati ya neno. Kisha hakuna kitu. Mtu fulani, njia ya Kindu, alifungia karanga.

Watu walikataa kwenda kulala. Kila mmoja akatoa mwisho wake. Mama mwenye kuuza mafuta ya mawese alisema muuguzi aende, asigeuke, kazi ya uuguzi haikosekani. Muzee, yule wa hadithi za watoto, alitaka wote wafike mbele ya bibi ya daktari waombe msamaha, na dawa ilipwe. Wasichana wawili walitaka kubusiana chini ya mvua. Tuliwacheka, lakini si sana.

Mwishoni kijana mmoja, ambaye hakufungua kinywa jioni nne zote, aliongea akiangalia chini. Alisema daktari hatasema kitu kizuri pale mlangoni. Atasema tu: nimechoka kudanganya, lakini sijui kuanzia wapi. Na muuguzi atavua koti, atakaa, na watakuwa na usiku mbaya sana, wa maneno tu. Kisha atajua kama anakaa ama anaenda.

Hakuna aliyejibu. Bibi ya yule kijana alikuwa amekaa nyuma yake, mtoto mgongoni. Walisimama pamoja, wakaenda zao polepole, na tochi yao tuliiona ikisimama mara mbili njiani kabla ya kufika nyumbani.

Kama wewe msomaji, uko Kindu, Kalima ama Punia, unacho kile kitabu, muuguzi, daktari, mvua, na kwako ukurasa 149 bado uko, usifungie karanga. Kipe mtu wa pikipiki anayekuja Kailo. Tutakirudisha, na mwisho wetu tutakuandikia pembeni, ili uone upi ni mzuri kuliko mwingine.